Ukoka, Nyasi-Vidole na Kalenda ya Mvua

Kongowe ya Kibaha, ambayo haina budi kutofautishwa na Kongowe ya Mbagala, iko kando ya Barabara ya Morogoro katika Mkoa wa Pwani. Hapo, kama ilivyo katika vitongoji vingi vya Kibaha na Kisarawe, mashamba ya mikorosho, miembe na mihogo yanazidi kugawanywa kuwa viwanja vya nyumba. Pamoja na nyumba mpya imekuja desturi mpya ya uwanja. Zamani uwanja wa nyumba ya Pwani ulifagiwa kila asubuhi hata ukang'aa, na jani lililoachwa kuota mbele ya mlango lilihesabiwa kuwa dalili ya uvivu na maficho ya nyoka. Siku hizi wenye nyumba wengi hupanda ukoka, na shule nazo hufanya vivyo hivyo mbele ya ofisi na madarasa.

Desturi hiyo mpya ina manufaa yake. Ukoka hushika udongo wa kichanga usichukuliwe na maji ya masika, hupunguza vumbi wakati wa kiangazi, na hupooza joto la uwanja. Hata hivyo, baada ya misimu miwili mitatu ya mvua, uwanja uliopandwa kwa gharama huanza kuonyesha mabaka ya nyasi za namna nyingine: nyasi zenye majani mapana ya kijani hafifu, zilizojitandaza chini kama mkono uliokunjuliwa. Mwenye nyumba hushika fyekeo na kuzikata mpaka chini. Zikirudi, hushika jembe. Zikirudi tena, huenda dukani kununua dawa. Kila mara hushindwa, na kila mara huzilaumu nyasi.

Makala haya yanashikilia kwamba lawama hiyo haikuelekezwa mahali pake. Nyasi hizo huingia pale ukoka ulipokwisha kudhoofika, na aghalabu anayeudhoofisha ni yuleyule aliyeupanda. Zaidi ya hayo, ushauri mwingi unaofuatwa katika kupambana nazo uliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, wala haulingani na majira ya Pwani.

Kutambua kabla ya kung'oa

Nyasi zinazozungumzwa hapa ni za jenasi iitwayo Digitaria. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kidole, kwa kuwa masuke yake hutawanyika juu ya bua mithili ya vidole vya mkono. Majina ya wenyeji hutofautiana kutoka mahali hata mahali. Kwa hiyo hapa zitaitwa nyasi-vidole. Jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 200, nyingi zikiwa za nchi za joto, na Afrika ni mojawapo ya makao yake ya asili.

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi apaswa kuliangalia ni kwamba vidole pekee havitoshi kuutambulisha mmea. Ukoka wenyewe, ambao kitaalamu huitwa Cynodon, una masuke ya namna hiyo. Vivyo hivyo Eleusine indica, ambayo ni jamaa wa karibu wa ulezi, na Dactyloctenium aegyptium, ambayo masuke yake mafupi na manene hufanana na mguu wa kunguru. Nyasi hizi nne zaweza kupatikana katika uwanja mmoja wa shule. Kuziita zote "majani" na kuzifyeka pamoja ni kutupa nafasi nzuri ya somo la baiolojia.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Mtu achukue bua la ukoka na kuchungulia pale jani linapoachana na ala yake: ataona safu ya vinywele. Nyasi-vidole mahali hapo zina utando mwembamba. Masuke ya ukoka wa kawaida hutoka yote katika nukta moja. Ya nyasi-vidole mara nyingi huachana kidogo, moja likianzia chini ya jingine. Eleusine nayo hujulikana kwa shina lake bapa, jeupe karibu na ardhi, na kwa ugumu wake wa kung'oka.

Tofauti nyingine ni ya maisha. Nyasi-vidole nyingi zinazosumbua viwanja ni za msimu: huota kwa mbegu, huchanua, hutoa mbegu nyingine, kisha hufa. Lakini sangari, ambayo ni ya jenasi hiyohiyo na inajulikana sana kwa wakulima wa nyanda za juu, ni ya kudumu, nayo ina mashina yatambaayo chini ya ardhi. Anayeikatakata sangari kwa jembe huizidisha, kwa maana kipande chenye kifundo huweza kuwa mmea mpya. Basi kabla ya kuuliza dawa gani itumike, sharti kuuliza mmea gani umeota.

Ufa katika ukoka

Mmea mmoja wa Digitaria sanguinalis, spishi isumbuayo sana Ulaya na Marekani, ukiachwa kukua bila kuguswa waweza kutoa mbegu zaidi ya 100,000. Mbegu hizo ni ndogo mno, na zile zinazofanikiwa kuchomoza ni zilizo karibu na uso wa ardhi, katika sentimita chache za juu. Zikipata maji, joto na nuru, huota. Zikiwa chini ya ukoka uliosongamana, nyingi hubaki zimelala, na miche michache inayojaribu kutoka hufa kwa kukosa nuru. Ndiyo maana uwanja wenye ukoka mzito huwa na magugu machache hata kama udongo wake umejaa mbegu.

Kwa kuyajua hayo, makosa matatu ya kila siku huonekana wazi.

Kosa la kwanza ni kukata chini mno. Watu wengi hupenda uwanja ukatwe mpaka udongo uonekane, kwa sababu mazoea ya kufagia bado yamo machoni. Lakini jani ndilo jiko la mmea. Humo ndimo usanisinuru unamotengeneza chakula cha mizizi. Ukoka uliokatwa mpaka chini hutumia akiba yake kuchipua upya, na kabla haujafunika tena ardhi, nuru imekwisha kuzifikia mbegu za magugu. Nyasi-vidole kwa upande wake hujilaza, na huweza kuchanua na kuzaa chini ya mahali fyekeo linapopita. Ukoka wa kawaida wa nyumbani uachwe na kimo cha sentimita 3 hadi 5. Nyasi za Pemba, zenye majani mapana, ziachwe ndefu zaidi. Mkato mmoja usiondoe zaidi ya theluthi ya kimo cha nyasi. Maana yake ni kwamba wakati wa mvua ukoka ukatwe mara kwa mara na kidogo kidogo, badala ya kuachwa mwezi mzima kisha kunyolewa kwa siku moja.

Kosa la pili ni kulima baka la magugu kwa jembe. Jembe huiondoa nyasi iliyopo, lakini papo hapo huzipandisha juu mbegu zilizokuwa zimefukiwa, na huacha udongo mtupu ulio tayari kwa mavuno ya pili. Nyasi-vidole changa zing'olewe kwa mkono au kwa kisu chembamba, udongo ukiwa na unyevu, kabla hazijatia mizizi katika vifundo vya matawi yake. Kila shimo linaloachwa lijazwe vipando vya ukoka siku hiyohiyo. Wahenga waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakuwa wakizungumza juu ya bustani, lakini mtunza bustani hawezi kupata kanuni iliyo bora zaidi.

Kosa la tatu ni kuzileta mbegu mwenyewe. Samadi ya ng'ombe ambayo haijaoza hubeba mbegu za nyasi walizokula, na udongo mweusi unaonunuliwa kwa lori huja na mbegu za mahali ulikochimbwa. Samadi na mboji zirundikwe, zinyunyiziwe maji na kugeuzwa mpaka ziive. Joto la ndani ya rundo, likifika nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi na kudumu siku kadhaa, huua mbegu nyingi. Rundo lisilogeuzwa huiva katikati tu, na mbegu za pembeni hubaki hai.

Kalenda ya kuazima

Anayesoma vitabu vya bustani vya Marekani au Ulaya ataambiwa kwamba nyasi-vidole huanza kuota majira ya kuchipua, wakati udongo unapofikia joto la nyuzi 13 hivi za Selsiasi kwa siku kadhaa mfululizo. Ataambiwa pia kwamba dawa ya kuzuia mbegu iwekwe kabla ya hapo, na kwamba jalidi ya kwanza, yaani baridi ile ya kugandisha maji, itaua mimea yote iliyosalia. Kwa huko ushauri huo ni sahihi. Kwa Kongowe hauna maana, kwa sababu udongo wa Pwani haupoi kiasi hicho mwezi wowote, na jalidi haijulikani. Anayeufuata neno kwa neno atakuta kwamba kila siku ya mwaka ni siku ya kuota, na kwamba hakuna siku ya kufa.

Kinachotawala hapa ni maji. Mwaka wa Pwani una misimu miwili ya mvua: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Katika kiangazi mbegu husubiri. Mvua ya kwanza nzito ndiyo inayoziita. Kwa hiyo kazi ya mwenye uwanja yapaswa kupangwa kwa misimu hiyo. Kabla ya mvua, apandishe kimo cha kukata na kutayarisha vipando. Mvua zinapoanza, azibe mapengo, kwa sababu ukoka nao hushika vizuri wakati huo. Katika wiki tatu za kwanza za mvua apite kila siku chache akiing'oa miche, maana ndipo ilipo dhaifu kabisa. Baadaye asiruhusu suke hata moja kukomaa.

Kumwagilia nako kuangaliwe kwa jicho hilohilo. Anayenyunyizia uwanja maji kidogo kila jioni wakati wa kiangazi hujitengenezea masika yake mwenyewe: huweka unyevu juu juu, pale pale zilipo mbegu, huku mizizi ya ukoka ikikosa sababu ya kwenda chini. Ni afadhali kumwagilia kwa nadra na kwa wingi wa kutosha kulowesha udongo, au kuuacha ukoka uliokwisha kushika ukauke rangi na kusubiri mvua, kwa kuwa unaweza kuchipua tena. Jambo hili si la bustani peke yake. Maji ya bomba ya Kibaha hutoka Mto Ruvu, mto ambao pia ni tegemeo kubwa la Dar es Salaam, na mwaka 2022 kupungua kwa maji ya mto huo kulileta mgao. Mahali ambapo ndoo ya maji ya kupikia huweza kukosekana, kumwagilia magugu kila jioni ni ubadhirifu usio na utetezi.

Kuna tofauti nyingine inayompa moyo mkazi wa Pwani. Bustani nyingi za Ulaya Kaskazini zimepandwa nyasi zipendazo ubaridi. Joto la kiangazi linapozilegeza, nyasi-vidole, ambazo usanisinuru wake hufuata njia inayofaa joto na nuru kali, hupata ushindi rahisi. Ukoka hutumia njia hiyohiyo ya usanisinuru. Kwa maneno mengine, katika jua la Kongowe ukoka hauko nyuma ya mshindani wake. Ukishindwa, ni lazima pawe na sababu nyingine. Aghalabu sababu hiyo ni fyekeo, kivuli kizito, njaa ya udongo, au njia ya miguu iliyokanyagwa mpaka ardhi ikawa ngumu. Chini ya mwembe mkubwa, kwa mfano, ukoka hautastawi hata ukipandwa mara kumi, na ni busara kuweka hapo kokoto au mimea ya kivuli.

Dawa na mipaka yake

Yapo maoni kwamba mambo haya yote yamepitwa na wakati, na kwamba dawa ya dukani yatosha. Maoni hayo yasipuuzwe, kwani kazi ya mkono ina gharama yake, na msimamizi wa kiwanja kikubwa cha mpira hawezi kuambiwa apige magoti na kisu. Lakini ni vema mnunuzi ajue anachonunua.

Dawa ya 2,4-D, ambayo imetumika tangu miaka ya 1940, huua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi salama. Kwa hiyo mwenye nyasi-vidole anayeinunua ametupa fedha. Glaifoseti, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1970, huua karibu kila mmea wa kijani inaougusa, ukoka ukiwamo, na haizigusi mbegu zilizolala udongoni. Baka lililokauka kwa dawa hiyo ni mlango uliofunguliwa kwa mbegu hizo mvua ifuatayo. Ziko pia dawa za kuzuia mbegu zisiote, lakini baadhi yake huzuia vilevile vipando vya ukoka visitie mizizi, na hivyo huchelewesha uponyaji wenyewe wa uwanja.

Uwanja wa nyumbani, tena, ni mahali watoto wanapocheza na kuku wanapodonoa, na udongo wa kichanga haushiki vizuri kila kinachomwagwa juu yake. Penye kisima, tahadhari iwe maradufu. Dawa isiyo na lebo, au iliyomiminwa katika chupa ya soda, isikubaliwe hata ikiwa ya bure. Kazi ya kusajili na kusimamia viuatilifu nchini ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2020, na kiuatilifu kisichosajiliwa hakina nafasi uwanjani wala shambani. Kwa uwanja wa nyumba moja, wenye mabaka machache, hoja ya kutumia dawa ni dhaifu: kazi ya nusu saa kila wiki katika mwezi wa kwanza wa mvua huleta matokeo yaleyale bila hatari hiyo.

Somo lililo mlangoni mwa darasa

Katika shule nyingi nyasi hukatwa na wanafunzi, na si mara chache kazi hiyo hutolewa kama adhabu. Madhara yake ni mawili. La kwanza ni la kibustani: adhabu haifuati kalenda ya mvua. Nyasi hukatwa baada ya masuke kukomaa, kisha huburutwa uwanjani kwenda kutupwa, na mbegu hupukutika njia nzima. La pili ni la kielimu, nalo ni kubwa zaidi: mwanafunzi hufundishwa kwamba kuushika mmea kwa mkono ni fedheha. Taifa ambalo wengi wa watu wake huishi kwa kilimo halina sababu ya kuwafundisha vijana wake jambo hilo.

Mwalimu wa baiolojia au kilimo anaweza kuigeuza kazi hiyo kuwa uchunguzi. Vitengwe vipande 12 vya mita moja mraba katika sehemu moja ya uwanja, kwa kamba na vijiti. Vipande 3 vikatwe mpaka chini. 3 vikatwe kwa kimo cha sentimita 5. 3 vikatwe kwa kimo hicho na miche ya magugu ing'olewe kila wiki. 3 visiguswe, viwe vya kulinganishia. Mgawanyo wa vipande ufanywe kwa kura, ili kivuli au unyevu wa upande mmoja usiyapotoshe matokeo. Mimea ya kila aina ihesabiwe kabla ya vuli na tena mvua zikiisha, na idadi ziandikwe katika jedwali pamoja na kiasi cha mvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka na rula vyatosha kuwa kipimamvua.

Uchunguzi huo hautadai maabara wala fedha, ila kamba, daftari na subira ya msimu mmoja. Iwapo matokeo ya Kongowe yatapingana na yaliyoelezwa hapa, basi matokeo ndiyo yafuatwe na makala haya yasahihishwe. Shule ya Kisarawe iliyo juu ya mteremko na shule ya Kibaha iliyo kwenye mchanga tambarare zaweza kupata majibu tofauti, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuwa elimu.

Wanafunzi wafundishwe pia kwamba neno "gugu" haliuelezi mmea. Laeleza mahali ulipoota na mapenzi ya anayeutazama. Afrika Magharibi, katika nchi kama Guinea na Mali, Digitaria exilis hupandwa, huvunwa na kuliwa kama nafaka. Nyasi za pangola, ambazo ni Digitaria kutoka Afrika Kusini, zilichukuliwa kwenda kuwa malisho ya ng'ombe katika mabara mengine. Nyasi-vidole zilizong'olewa Kongowe kabla ya kukomaa zaweza kupewa mbuzi, na mwenye mbuzi atashukuru.

Ukoka mzuri, basi, haujengwi dukani. Hujengwa na jicho linalotambua kilichoota, fyekeo lililopandishwa juu sentimita chache, na mkono unaofika kabla ya suke kukomaa. Shule na nyumba zinazotaka kuona tofauti zianze maandalizi mwezi Septemba, mawingu ya vuli yakiwa bado mbali.